Ulisema Uko na Tumbo

Kwako Talaso, mtoto wa mwanangu,

Salaam aleikum. Herufi hizi ni zangu, usitafute mkono wa Habiba ndani yake. Mdogo wako alitaka kuniandikia, nikamkatalia. Maneno ya aibu yangu siwezi kuyapitisha kwa kalamu ya mtoto mwingine. Leo ni siku ya tisa naandika, mstari mmoja mmoja, nikishaswali alasiri. Mahali utakuta herufi imeanguka, iinue mwenyewe, wewe ndiye mwalimu wangu.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulikuwa darasa la tatu. Mama yako alikuwa ametutoka mwaka mmoja nyuma, na wewe na Habiba mlikuwa mnalala kwangu Chechelesi, kitanda kimoja, miguu yenu kichwani kwangu. Mitungi yangu ya maziwa ilikuwa inachanganyika na ya wanawake wengine pale tunaposhushia, na kila asubuhi lazima nigombane na mtu. Ukaja na kalamu nene ya shule, ukaupindua mtungi, ukaniambia, "Akoo, tunaandika jina lako, wasikuibie." Nikakuambia sijui kuandika, mimi nilikuwa na mbuzi wa baba, sikuwa na shule. Ukasema A ni mtu amesimama akafunga mshipi. K ni mtu anarusha teke. O ni mdomo wako ukinigombeza.

"Na kwa nini ziko mbili?" nikakuuliza.

"Kwa sababu hunigombezi mara moja."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mpaka leo mitungi yangu yote imeandikwa AKOO, na hata wazee wenye umri wangu wananiita hivyo, kama vile mimi ni nyanya wa mji mzima.

Mwaka huo huo ulinioshea gorfa. Hilo nataka ulikumbuke vizuri, kwa sababu barua yote iko hapo. Gorfa yangu, chombo cha kusuka kwa mizizi cha kugandishia maziwa, mama yangu alinipa nilipoolewa. Ilikuwa nyeusi kwa moshi ndani na nje. Shuleni walikuwa wamewafundisha usafi, ukarudi nyumbani, ukaiangalia, ukaona uchafu. Mimi nilikuwa sokoni. Ukachemsha maji, ukaweka sabuni ya unga, ukasugua na brashi ya viatu mpaka rangi ya mizizi ikaonekana. Ukanisubiri mlangoni ukiwa umelowa mikono yote, umefurahi.

Nikaweka maziwa. Siku ya tatu hayakuwa yameganda, yalikuwa yameoza. Nyumba ilinuka. Ukalia ukasema umeua maziwa. Nikakuweka hapa mapajani nikakuambia, maziwa hayajigandishi yenyewe. Kuna wenyeji ndani ya gorfa, hatuwaoni, wanakaa katika matundu ya ule msuko. Sisi tunawafukizia moshi, tunawaachia maziwa kidogo chini, hatuwapi sabuni. Wewe umewafukuza, na nyumba ikibaki tupu, anaingia yeyote anayepita.

"Sasa watarudi?" uliuliza.

Tukaenda kwa Mama Rukia, jirani yetu, tukaomba kikombe cha ititu, maziwa yaliyoganda, kutoka gorfa yake. Tukafukiza yetu kwa kijinga cha ejersa, ule mzeituni wa porini, tukamwagia yale maziwa mgando, tukazungusha. Mara ya kwanza yakaharibika. Ya pili na ya tatu pia. Mara ya nne yakaja, mazito, machachu vile vile kama ya mama yangu. Sikukupiga. Nilisema, "Wewe ni mtoto, hukujua." Nilikusamehe kabla hujamaliza kulia.

Sasa nakuja kwa ile siku nyingine.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umemaliza kidato cha nne, unanisaidia na maziwa. Nilikuwa nimeona vitu. Pakiti yako ya pedi ilikaa juu ya sanduku miezi minne haijafunguliwa. Uso ulitoa chunusi. Mwili ulinenepa hapa katikati. Ulianza kufunga mtandio mpaka kidevuni hata ndani ya nyumba. Sikukuuliza. Nilikuwa nakulinda kwa macho kama mtu aliyekodiwa kuchunga mbuzi wa wengine, nangoja tu uniibie.

Asubuhi hiyo wanawake wote wa ploti walikuwa uani wanafua. Ukatoka umeshika hapa chini ya mbavu, ukasema, "Akoo, niko na tumbo."

Talaso, mimi Kiswahili niliokota sokoni, lakini neno hilo nililijua. Mara ngapi ulirudi shuleni ukasema "niko na kichwa", nikakupa dawa ya kichwa? Sikuwahi kukuuliza kichwa ni cha nani. Mara ngapi Habiba alisema "niko na jino"? Lakini siku hiyo masikio yangu yalikuwa yameshajibu kabla hujafungua mdomo. Nikasema, kwa ile sauti ya O mbili, "Tumbo ya nani?"

Maji yalinyamaza kwenye mabeseni. Mama Rukia alisimama na nguo imekunjwa nusu.

"Yangu, Akoo," ukasema. "Imejaa hewa. Inaniuma. Naomba dawa ya tumbo tu."

"Nakuuliza ya nani."

Nikakushika mkono, nikakupeleka zahanati kwa miguu kupitia sokoni, na kila aliyeuliza tunaenda wapi nilimwambia, "Tunaenda kuangalia huyu ameniletea nini." Ulikuwa unatembea ukiangalia viatu vyako. Sista akakupima, akatoka na karatasi, akaniambia, "Mama, huyu hana mimba. Lakini mrudishe aonwe na daktari, kuna kitu kingine hapa." Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Nikaikunja karatasi, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo za mama yako.

Hilo ndilo linaniunguza. Sauti nilipiga uani mbele ya watu wote, lakini karatasi nilifungia kwa kufuli. Kama ningetoka nikasema "hana mimba", ningekuwa nasema pia "mimi nimekosea", na mdomo wangu haukuwa umezoea njia hiyo. Nikawaacha wanawake wangoje. Miezi ikapita, tumbo halikukua, wakaanza kusema umeitoa. Nilisikia. Niliwauzia maziwa na nikasikia. Wale watu wa Burat waliokuwa wamekuulizia kwa ajili ya kijana wao wakanyamaza, na mimi nikasema ndani ya nyumba, wewe ukisikia, "Nani atachukua tumbo lililofungwa."

Halafu nikaanza kukutibu. Niliwaza, kama si mtoto basi ni damu, imelala ndani, imeharibika, lazima itoke. Nikanunua sanamaki, majani ya kuendesha. Kila Ijumaa alfajiri nilikuchemshia yale majani, nikasimama juu yako mpaka kikombe kiishe, na siku nzima unaenda chooni umeshika ukuta. Ijumaa baada ya Ijumaa, kutoka mvua moja mpaka mvua nyingine. Siku moja ukakaa kwenye ngazi ya choo, ukashindwa kuinuka, ukaniambia pole pole, "Akoo, hakuna kitu tena ndani cha kutoka."

Nikakujibu, "Basi sasa ndiyo inaanza kuwa safi."

Maneno hayo niliyasema mimi. Nimeyaandika kwa mkono wangu ili yakae kwenye karatasi, nisije nikasema siku moja kwamba nimesahau.

Na kidevu. Mbele ya Mama Rukia na mwanawe nilikuvuta mtandio nikasema, "Angalieni, huyu anaota ndevu za babu yake." Wakacheka kwa sababu mimi nilicheka. Talaso, sikiliza kitu ambacho hata mama yako hakujua. Mimi nanyofoa nywele za kidevu tangu nikiwa msichana. Nina kibano kidogo kimefungwa kwenye pindo la leso. Hedhi yangu ilikuwa inakuja ikitaka, na mama yako nilimpata baada ya miaka saba ya ndoa, mama mkwe akiwa ameshaanza kumtafutia mwanawe mke mwingine. Haya yote nilikuwa nayajua mwilini mwangu, na bado nikakuvuta mtandio. Sikujua ni ugonjwa. Lakini aibu niliijua ladha yake, na bado nikakunywesha.

Ulipoenda Marsabit kwa mama yako mdogo Darmi, hukupiga kelele. Ulifunga begi, ukapanga mitungi yangu yote midomo chini ili ikauke, ukasimama mlangoni ukasema, "Nilikuomba dawa ya tumbo tu." Miaka miwili sasa. Darmi akinipigia simu nasikia cherehani yako nyuma yake ikienda. Nikisema jina lako, cherehani inasimama. Halafu inaanza tena.

Sasa nikuambie ya Habiba. Ana miaka kumi na saba, na mwaka huu siku zake pia zilipotea. Miezi mitatu. Mkono wangu wenyewe, kama punda anayejua njia, ulienda dukani ukarudi na sanamaki. Nikaweka sufuria jikoni. Habiba akaja, akazima moto. Yule mtoto mnyamavu. Akaniambia, "Mimi si Talaso, mimi sinywi. Twende kwa daktari, ama niende peke yangu." Nikamwambia amekosa adabu. Akasema, "Ndio," akachukua mtandio wake. Nikamfuata.

Daktari ni binti wa Kimeru, mdogo kuliko viatu vyangu. Alimuuliza Habiba mengi, akamtoa damu, akampeleka kwenye ile mashine ya kuangalia ndani. Tulirudi mara mbili. Siku ya majibu akaniangalia mimi. "Shosho, kuna mwingine kwa familia ako na hii shida?"

Habiba akanigeukia, hakunisaidia.

"Kuna dada yake," nikasema.

"Alitibiwa?"

"Nilimtibu mimi."

"Na nini?"

Nikamwambia. Kalamu yake ikasimama juu ya karatasi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Akasema ugonjwa huu unaitwa PCOS, na wanawake walio nao ni wengi, wengi hawajui. Homoni zinachanganyikiwa, mayai yanashindwa kukomaa kwa wakati wake, hedhi inapotea, nywele zinaota mahali hazitakiwi, na mwili unashindwa kuitumia sukari vizuri. Alitamka polepole, na kila alichotaja nilikuona wewe umesimama uani. Halafu akamuuliza Habiba anakula nini, na kama tumbo linajaa hewa. Hapo nikamkatiza. Nikasema, daktari, tumbo la chakula linaingiaje hapa, sisi tumekuja kwa tumbo la uzazi.

Akachukua karatasi, akachora. Miaka yangu yote nilidhani ni mfuko mmoja, kwa sababu tunalo neno moja tu, tumbo, na kila kinachokaa humo tunakiita hivyo. Kumbe ni vyumba viwili, ukuta mmoja katikati, kama ploti yetu. Sumbua huyu, yule wa pili anasikia.

Akasema ndani ya utumbo kunaishi wadudu wadogo wasioonekana, wengi kuliko watu wote wa dunia, na wengi wao ni wema. Wanatusaidia na chakula. Wanagusa jinsi mwili unavyotumia sukari, na sukari inagusa homoni. Wanaochunguza mambo haya wameona kwamba wanawake wengi wenye ugonjwa huu, wadudu wao wamepungua aina au wamebadilika. "Lakini hatujajua nani alianza," akasema. "Inaweza kuwa wadudu walibadilika ndio ugonjwa ukakuja, ama ugonjwa ndio uliwabadilisha. Bado inatafutwa. Mtu akikuuzia dawa ya wadudu akuambie inaponya, mkimbie."

Sikuhitaji aendelee. Nikamuuliza, "Ni kama wale wa kugandisha maziwa?"

Akatabasamu. "Umejuaje? Ni kama ndugu zao wa mbali."

Talaso, nilitamani sakafu ifunguke. Mimi ndiye niliyekuweka mapajani nikakufundisha kwamba ndani ya chombo kuna wenyeji na hawafukuzwi. Wewe uliiosha gorfa yangu mara moja, hukujua. Mimi nilikuosha wewe Ijumaa zote hizo, na nilijua.

Nikamuuliza mbele ya Habiba, "Ni mimi nilimharibu?"

"Hapana, shosho. Ugonjwa ulikuja wenyewe, na inaonekana uko kwa damu yenu. Lakini ile dawa ya kuendesha haikusafisha chochote. Ilimchosha. Na ulimchelewesha."

Ulimchelewesha. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtungi uliojaa.

Habiba amepewa dawa. Ameambiwa atembee, apunguze soda na chai ya sukari nyingi, ale maharagwe na mboga, na maziwa mgando akipenda, si kama dawa, kama chakula tu. Hedhi imeanza kurudi. Daktari alisema wengi wenye ugonjwa huu wanazaa, wengine kwa kusaidiwa kidogo. Nakuandikia hili kwa sababu mimi ndiye nilisema tumbo limefungwa. Mimi si daktari, na sina haki ya kulifungua wala kulifunga. Nakuomba uende uonwe huko Marsabit, na umwambie daktari yote, hata ya sanamaki. Nitaje. Sema nyanya yangu alinifanyia hivi.

Lakini sikutaka kukuandikia kabla ya kufanya jambo moja. Neno nililisema mbele ya watu, lilifaa kurudi njia ile ile. Wiki mbili zilizopita, asubuhi, wanawake wote wa maziwa tukiwa kibandani kwetu sokoni tunaosha mitungi tukingoja maziwa ya Leparua, nikasimama. Nikajishikilia kwa mtungi. Nikatoa ile karatasi ya zahanati. Nikasema, "Talaso wangu hakuwa na mimba. Hakutoa mimba. Nilijua siku ile ile, nikanyamaza. Mtoto alikuwa mgonjwa."

Mama Rukia akasema, "Unatuambia leo?"

"Leo."

"Miaka yote hii umekalia neno kama kuku wa mayai."

"Nimekalia. Limeoza. Ndio nalitoa."

Mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Halafu Mama Rukia akaketi juu ya mtungi wake, akaangalia mikono yake. "Hata mimi nilisema," akasema. "Nilisema mpaka Burat. Wale watu wa kijana waliniuliza mimi." Nikamwambia basi atafute njia yake ya kwenda Burat, mimi nimeshamaliza ya kibandani. Tulikosana kidogo hapo. Lakini Ijumaa alienda. Alirudi na vumbi mpaka nyusi, akapita mlangoni kwangu, akasema, "Nimewaambia," akaenda zake. Ugonjwa wako sikuwatajia jina. Huo ni wako kusema au kutosema. Nimejifunza mwisho wa mdomo wangu uko wapi, ingawa nimechelewa.

Sikuombi urudi. Cherehani yako iko huko, na nasikia una wateja. Sikuombi hata uongee nami kwenye simu. Siku ile ulipolia juu ya gorfa nilisema "wewe ni mtoto, hukujua". Mimi siwezi kujiombea maneno hayo. Nilikuwa mtu mzima, na nilijua.

Darmi amekuja kunitembelea na kesho anarudi Marsabit. Atakuja na barua hii, na atakuja na gorfa. Ni ile ile. Ukiigeuza utaona kwa chini alama ya brashi yako, haikupata moshi tena vizuri mahali hapo. Nimeifukiza mwenyewe, na nimeacha ititu kidogo ndani, wenyeji wote wapo. Mimina maziwa, funika, subiri siku tatu. Kunywa wewe na mama yako mdogo.

Ukimaliza, mpe Darmi airudishe safari yake nyingine. Unajua kwetu chombo hakirudi kitupu, lakini hiki unaweza kukirudisha unavyotaka. Huna haja ya kuandika. Nitafungua kifuniko, nitaweka pua. Ikirudi na harufu ya sabuni, nitajua, na sitakulaumu, nitaifukiza upya na nitangoja. Ikirudi na yale machachu kidogo chini, nitajua pia.

Ni mimi, mwenye O mbili,

AKOO